Maji Yasiyo na Mapovu

Nimezaliwa Kagongwa, ambako maji ni ya kulowesha majaruba ya mpunga na kunyweshea ng'ombe, na yakibaki ndiyo mtu anaoga. Kwa hiyo nikisema niliwahi kuwa mzamiaji, watu wa kwetu hucheka kwanza, kisha huniuliza nilizamia wapi, ndani ya mtungi? Siwalaumu. Hata kuogelea sikujua mpaka ndevu zilipoota. Nilijifunzia Mwanza, nilikokwenda kutafuta kibarua, nikakipata kwa fundi mmoja wa boti aliyehitaji mtu mwembamba wa kwenda chini kukata nyavu zilizojisokota kwenye panga za injini. Alinifundisha kubeba mtungi wa hewa mgongoni, kung'ata kidomo chake cha mpira na kutobana pumzi. Hiyo ndiyo shule yangu yote ya majini.

Sikukaa sana ziwani. Ilikuwa miaka ya tisini, na ukanda wote kuanzia Geita hadi Kahama na vijiji vya Shinyanga ulikuwa na homa ya dhahabu. Kila mahali palikuwa na mashimo, na kila mvua iliponyesha mashimo yalijaa maji. Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likifurika usiku, pampu iliyoachwa chini inabaki chini, na pampu ndiyo roho ya kazi. Mtu anayeweza kushuka akaifunga kamba ikavutwa hutafutwa kuliko mganga. Nikawa natafutwa. Kwenye machimbo ya Mwakitolyo nilishuka maduara ambayo nisingemshusha hata mbuzi wa jirani niliyegombana naye.

Nikisema nilikuwa nimechoka, simaanishi ule uchovu ambao mtu analala akaamka amepona. Masikio yangu yalikuwa yanapiga mluzi mchana kutwa. Maji ya duara ni baridi ya ajabu hata jua likiwa la kupasua kichwa, na ile baridi ilikuwa inaingia mifupani na kifuani ikakataa kutoka, nikawa nakohoa usiku kucha. Matope nilikuwa nayakuta kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye ugali. Mke wangu alikuwa akinisemesha, nami namtazama midomo kama mtu anayesubiri tafsiri. Hata "pole" za watu zilikuwa zimenichosha, maana kila pole ilitaka ijibiwe.

Mke wangu ni Msukuma wa Shinyanga vijijini. Alikubali kazi yangu kwa sharti moja tu: kamba yangu ishikwe na kaka yake, asiishike mwingine. Shemeji huyo alikuwa mtu wa ng'ombe, mrefu, mwenye Kiswahili kizito chenye harufu ya zizi, na utani usiokwisha. Alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya lambo. Lakini mikono yake ilikuwa mikubwa na mitulivu, na mimi na yeye tulikuwa hatujagombana hata siku moja, jambo ambalo kwa wachimbaji ndilo la kwanza. Mtu uliyegombana naye hashiki kamba yako.

Kwa sheria, kamba ndiyo ilikuwa lugha yetu. Nikivuta mara moja, salama. Nikivuta mfululizo, nitoe. Ila kamba ni mwongo. Ndani ya duara kuna matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, na kamba ikinasa kwenye matimba humvuta mshikaji kama vile kuna mtu, kumbe ni gogo linamsalimia. Shemeji alikwisha kudanganywa hivyo, akaacha kuiamini. Alichoamini ni mapovu. Nikitoa pumzi chini, mapovu yanapanda, yanapasuka usoni mwa maji, naye yuko pale ukingoni amechutama anayatazama. Kila yalipotokea alisema kwa sauti neno moja la kwao: "Mhola."

Kwa Wasukuma neno hilo ni salamu, ni swali na ni jibu. Unauliza mhola, yaani kuna uzima, kuna amani? Unajibiwa mhola. Shemeji alikuwa kama anasalimiana na mapovu. Nami niliambiwa kwamba hakusema kwa ajili yake peke yake. Machimboni mwanamke hasogei kwenye duara, wanasema dhahabu inamkimbia. Dhahabu yenyewe hakuna aliyewahi kuiuliza, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wachimbaji wanapanga mstari wa mawe, na wanawake wanakaa nyuma yake na masufuria yao. Mke wangu alikuwa akiuza chai na maandazi pale. Haoni maji, haoni kamba, anaona migongo ya wanaume tu. Kwa hiyo kaka mtu alikuwa anasema mhola kwa sauti ya kufika kwenye mawe, na dada mtu anaendelea kumimina chai.

Baadaye ilikuja kampuni iliyokuwa inaukagua mgodi wa zamani upande wa Geita, ulioachwa miaka mingi, ukajaa maji mpaka mdomoni. Walitaka mtu wa kuingia kwenye vichochoro vya chini na kuwaambia vimesimama au vimeanguka. Wakaniajiri kwa majaribio, tukahamia huko sote: mimi, mke wangu, shemeji na masufuria.

Kule ndiko nilikogundua kwamba mapovu yale yale yaliyokuwa yanampa mke wangu amani yalikuwa yananiua mimi. Ndani ya kichochoro kuna dari. Ukitoa pumzi, mapovu yanapanda yanagonga dari, na dari ya mgodi wa kale ni kutu, miti iliyooza na matope yaliyolala kwa miaka. Yanakuangukia yote. Siku moja niliingia hatua chache tu, taa ikiwa mkononi, nikatoa pumzi kama mtu yeyote, na dunia ikafungwa. Taa niliileta mpaka kwenye miwani nikaona weupe wa chai ya maziwa. Kila nilipopumua nilijiongezea giza. Nilirudi kwa kuipapasa kamba, nikijiambia polepole, polepole, na moyo ukinipiga hadi kwenye fizi. Nilipotoka shemeji alinipokea kwa furaha, akasema leo nilipumua vizuri sana, mapovu yalikuwa mengi. Nilikaa chini nikatema matope.

Baada ya siku hiyo kampuni ikamleta mwalimu. Alikuwa mgeni kutoka nchi ya mbali, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, Kiswahili chake amejifunzia pwani, kwa hiyo aliongea kwa adabu kuliko sisi sote. Alikuja na mashine ambayo sikuwahi kuiona. Ni sanduku la kubeba mgongoni, lina mifuko miwili kama mapafu, mipira miwili minene inayokuja mdomoni, kichupa cha hewa safi ya oksijeni, na kopo lililojaa chokaa maalumu. Pumzi unayoitoa haitoki kwenda majini. Inapita kwenye chokaa, chokaa inakula ile hewa chafu, kichupa kinaongeza kidogo iliyopungua, na unaivuta tena. Unazunguka na pumzi yako mwenyewe. Kwa hiyo hakuna mapovu. Hakuna kinachogonga dari. Na unaweza kukaa chini muda mrefu zaidi, mara nyingi ya ule wa mtungi wangu.

Nilipomweleza shemeji alifikiri kidogo, akaniuliza kama nimeelewa vizuri.

"Yaani shemeji," akasema, "wanataka wewe ule matapishi yako?"

Kila aliyekuwepo alicheka, na mwalimu alipoelewa, naye akacheka. Kuanzia siku hiyo mashine ikapata jina, ikaitwa Matapishi.

Shauri lilikuwa wazi. Nikikubali, mwalimu angenichukua ziwani kwa miezi ya mafunzo, kisha ningerudi kuwa mzamiaji wa kampuni, mtu wa mshahara, mwenye nguo nene ya kuzuia baridi. Nikikataa, kampuni haikuwa na haja na mtu wa mapovu, na mimi ningerudi Mwakitolyo kufunga pampu za watu. Mwalimu alikuwa na kazi ya kupima maji kwa majuma machache. Alitaka jibu kabla gari lake halijaondoka.

Namshukuru kwamba hakunipamba. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa akanieleza ubaya wa kitu chake. Mtungi wa kawaida, alisema, ukiharibika unapiga kelele: hewa inakata, unaijua, unapanda. Hii haipigi kelele. Oksijeni ikipungua unajisikia vizuri tu, unakuwa na usingizi mtamu, na humo humo unakwisha. Chokaa ikichoka, au ikiwa siyo yenyewe, pumzi inageuka sumu nawe bado unaivuta. Kazi ya mwenye mashine hii ni kujishuku kila dakika, na tabia hiyo mzamiaji mchanga hana. Yeye mwenyewe alikuwa amezamia kwa mitungi miaka mingi kabla ya kuigusa, na mtu wa kiwango changu kwa kawaida angemwambia arudi baadaye. Ila kampuni ilikuwa na haraka, na aliona mimi ni mtulivu sana majini. Sikujua kama ile ni sifa, au uchovu kwa mbali unafanana na utulivu.

Nilisafiri kwenda Kahama kununua mipira ya pampu kwa ajili ya kazi, nikatumia nafasi hiyo kuulizia chokaa. Kulikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee, karibu na stendi, ambaye alikuwa na kila kitu kinachozunguka, kinachovuta na kinachovuja. Tulikuwa tunafahamiana kwa sababu ya pampu. Nikamwelezea ninachotaka. Akasema chokaa maalumu ya namna hiyo labda Nairobi, labda Dar, na ikiletwa kwa treni itakaa Isaka juani mpaka mtu aikumbuke. Nikamuuliza, nusu kwa utani, vipi hii ya mifukoni iliyopangwa mlangoni?

Mzee akavua miwani. "Hii ukiniambia ya kupaka ukuta, nakuuzia," akasema. "Ukiniambia ya kupumua, sikuuzii, na wewe usinunue popote."

Nilicheka, lakini ndani ya basi kurudi sikucheka. Nilikuwa naijua nchi ya machimbo. Huko kitu kikikosekana hakingojwi, kinatafutiwa mbadala. Nimeona mashine ikitiwa mafuta ya kupikia, nimeona mkanda wa winchi ukiungwa kwa kandambili, na vyote vikafanya kazi, ndiyo ubaya wake. Mwalimu akishaondoka, siku moja kopo litakuwa tupu na bosi atakuwa na haraka, na mtu mmoja mwema atasema chokaa ni chokaa. Nilimjua mtu huyo. Ningeweza kuwa mimi.

Pamoja na hayo nilikuwa naitaka. Kipya kinyemi, na mimi nilikuwa nimechoshwa mno na cha zamani.

Mwalimu akasema kabla sijajibu niione ikifanya kazi. Kulikuwa na shimo kubwa la wazi, lililochimbwa kale likajaa maji ya mvua, halina dari wala matimba. Vibarua walikuwa wamepanga mstari wao wa mawe hata hapo penye kampuni, na akina mama walikuwa nyuma yake kama kawaida. Mwalimu angeshuka na Matapishi, shemeji angeshika kamba. Nilimweleza shemeji mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma changu kibovu, kwamba leo hakuna mapovu, na kutokuwa na mapovu ndiko kunakoonyesha kwamba mambo ni mazuri. Akaitikia. Akanirudishia maneno yangu neno kwa neno ili nijue amesikia.

Mwalimu akazama. Maji yakajifunga juu yake yakanyamaza.

Mwanzo watu walikuwa wanaongea. Kisha wakaanza kuongea kidogo. Kisha nikaona kibarua mmoja anavua kofia. Shemeji alikuwa amechutama mahali pake, macho kwenye maji, na mdomo wake ukifunguka na kufungika bila neno. Nilimwambia, shemeji, tulia. Akasema ametulia. Na wakati ule ule akasimama, akaizungusha kamba mkononi, akavuta. Vibarua walikuwa wanasubiri mtu wa kwanza tu. Waliruka wote kwenye kamba, na mimi nilipokuwa nawapigia kelele waache, mama mmoja nyuma ya mawe akaanza kulia kilio cha msiba.

Wakamtoa yule mzee wa watu kama ng'ombe aliyenasa kwenye tope. Alikuja kinyumenyume, miwani imetoka, kidomo kimemtoka, maji yameingia kwenye mashine yakachanganyika na chokaa, na alipojaribu kuvuta pumzi akavuta maji ya chokaa. Midomo ilimvimba ikawa miekundu. Hakuwa amepata dhara kubwa zaidi ya hapo, kwa bahati, maana hakuwa ameshuka sana. Alisukutua, akakaa chini, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza tu kwa upole, nani amekufa?

Nilimgeukia shemeji kwa hasira. Nilimuuliza si nilimwambia, si alisema ameelewa?

"Niliambiwa mimi," akasema. "Mikono haikuambiwa."

Kesho yake alimpelekea mwalimu kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya midomo yake, akaomba radhi. Mwalimu alikunywa yote na wakawa marafiki kuanzia hapo. Lakini akasema siku ya kunijaribu mimi hakuna kamba ya kwenda juu. Nilidhani yeye angeshuka na mtungi wa kawaida. Hapana, alikuwa na mashine nyingine ya akiba. Tungeshuka na mbili, kila mmoja mlinzi wa mwenzake, na juu asiwepo wa kutuokoa.

Nilimwambia mke wangu. Yeye hakunikataza. Alisema mashine haijui, kwa hiyo hawezi kuisema vibaya. Ila kama nitakwenda ziwani, niseme mapema kabla ya kulima, ajue analima shamba zima, au nusu na kuendelea na chai. Nilimuuliza yeye anataka nini. Akasema anataka nilale siku moja bila kukohoa. Hilo lilinichoma, na ndilo lililonisukuma kwenda.

Siku ya kujaribu mwalimu alinivisha, akakagua kila kitu na kunifanya nikikague tena, akanifanya nivute pumzi nchi kavu nikiwa nimekaa mpaka nikachoka kukaa. Kisha tukaingia lile shimo la wazi, mke wangu akiwa nyuma ya mawe na chai yake.

Nawaambia ukweli, sijawahi kupumzika vile. Kwenye mtungi unasikia kelele zako tangu unaingia mpaka unatoka, kuvuta ni mluzi, kutoa ni vurugu la mapovu masikioni. Pale palikuwa kimya. Pumzi ilikuja ya vuguvugu, yenye unyevu, ikaenda, ikarudi. Kifua kilichokuwa kinaniuma kwa miezi kikalegea. Palikuwa na visamaki vidogo ambavyo sikujua kwamba vipo, maana siku zote vilikuwa vinakimbia vishindo vyangu. Siku ile vilikuja hadi kwenye vidole. Mwalimu alikuwa ananiuliza kwa mkono mara kwa mara, uko sawa? Nami namjibu niko sawa. Nilikuwa sawa kupita kiasi. Sikuwaza juu hata mara moja. Sikuwaza mke wala pampu. Nilifikiri, kumbe duniani kuna kazi ya hivi.

Tulipotoka nilivua kidomo nikamwambia mwalimu hapo hapo, tukiwa bado majini: nakubali. Akanishika bega.

Shemeji alikuwa ukingoni amechutama. Nilitegemea utani wa matapishi. Nilikuwa nimeuandalia hata jibu. Alinipa mkono akanivuta. Sauti ilikuwa imemkauka. Alinipeleka pembeni, mbali na mawe, akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu, akichagua maneno.

"Shemeji, leo nimemdanganya dada yangu. Nilimwambia mhola, mhola, muda wote mliokuwa chini. Maji matupu. Nilikuwa sijui kitu."

Nilimwambia amefanya vizuri, amemtoa dada yake hofu. Akatikisa kichwa.

"Usinipe tena kazi hii," akasema, na akaenda kukusanya kamba ambayo hakuna aliyeitumia.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimeamua kumtunzia shemeji siri. Ningemwambia mke wangu nimekubali, alime shamba zima, basi. Nilimkuta uani anasugua sufuria ya chai kwa mchanga. Ilikuwa imeungua, nyeusi mpaka ukingoni. Mke wangu hakuwa mtu wa kuunguza chai. Nilikaa kwenye kigoda nikavua viatu, na kabla sijaanza habari yangu yeye akasema bila kuinua kichwa:

"Kaka alikuwa anadanganya leo."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Hakuna. Mhola zake zilikuja kwa mstari, kama mtu anayetwanga. Pumzi yako haiji hivyo. Ukiona kitu unaibana kidogo. Ukichoka unaharakisha. Ukikaribia kupanda unatoa ndefu." Akamwaga maji machafu. "Miaka yote hii nakujua kwa hiyo. Leo sikukusikia."

Sikujua kwamba alikuwa ananisikiliza. Nilifikiri alikuwa anamsikia kaka yake tu, sauti ya kumwambia endelea kumimina. Kumbe alikuwa nyuma ya mawe anasoma pumzi yangu kwa mdomo wa mtu mwingine, na alikuwa ananijua chini kuliko nilivyokuwa najijua. Nilimuuliza kwa nini hakuja, hakupiga kelele, hakuniita.

"Ningekuja wapi? Mawe yapo," akasema. "Nilikuwa namwitikia tu, mhola duhu, salama tu, mhola duhu. Ningenyamaza, naye angejua kwamba najua, na mikono yake ungeiona, kama siku ile ya mwalimu."

Aliendelea kusugua sufuria. Nilikaa pale na viatu mkononi. Wale ndugu wawili, kila mmoja amejifunga uongo ili mwenzake asianguke, juu ya maji yasiyosema kitu, na mimi chini nacheza na samaki nikidhani nimepumzika. Nilipata aibu, na zaidi ya aibu nilisikia woga, woga ambao sikuusikia hata kwenye kile kichochoro cha matope. Mwalimu alikuwa amenieleza kwamba mashine hii haipigi kelele ikiharibika. Nilikuwa nimemwelewa kama shemeji alivyonielewa mimi.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu nikala matapishi yangu mbele ya kila mtu. Nilimwambia jana nilikubali, leo nakataa. Nilimtajia chokaa ya Kahama, nikamtajia uchanga wangu, na vyote vilikuwa kweli. La sufuria sikulisema. Hakukasirika. Alisema hilo ndilo jibu ambalo angempa mzamiaji mchanga yeyote kama angekuwa hana kampuni mgongoni, na nikizamia sana na bado naitaka, nimtafute. Shemeji hakunitania, na kwa jinsi ninavyomjua, kunyamaza kule kulimgharimu.

Kampuni ilipata mtu mwingine kutoka mbali, mzoefu. Nilisikia aliingia vichochoro vyote akatoka salama, na mashine haikumfanyia baya lolote. Sisemi mashine ni mbaya. Nikiwa na baridi kifuani bado naikumbuka ile pumzi ya vuguvugu, na kuna siku naikumbuka kwa tamaa.

Tulirudi Mwakitolyo, mke wangu akalima nusu shamba. Shemeji akarudi ukingoni kutazama mapovu, dada yake nyuma ya mawe. Duara la kwanza nililoshuka lilikuwa jembamba, maji yake ya baridi ile ile, matope yale yale, matimba yameoza. Pampu ilikuwa imelalia ubavu chini kabisa na mimi nilikuwa nimechoka kabla sijaigusa. Mluzi wa pumzi yangu ulikuwa masikioni kama kawaida. Nilisimama pale gizani, nikatoa pumzi moja polepole, ndefu kuliko nilivyohitaji, nikangoja, nikatoa nyingine. Udongo ukamomonyoka juu ukaniangukia kichwani. Nikatoa nyingine tena.